Jozi

Kwanza chumvi. Kijiko kimoja cha kulia
kwa kila bakuli la maji ya vuguvugu,
maji ambayo kifundo cha mkono hakiyashtukii.
Halafu jozi, nilizozibangua jana
kwa nyundo ya marehemu baba, ile yenye mpini uliofungwa waya.
Zinazoelea nazirudisha chini kwa kiganja
kama mtu amlazaye mtoto asiyetaka kulala.

Usiku kucha jikoni, ghorofa ya saba, Kutaisi,
hakuna anayezungumza ila friji.
Na gizani maji yanaidanganya mbegu:
yanaiambia theluji imeyeyuka, mvua imeshuka,
amka.
Nayo huamini.
Asubuhi maji yana rangi ya chai iliyosahauliwa,
uchungu wote umewaachia,
ngozi inateleza chini ya kidole gumba.
Namwaga, nasuuza, namwaga tena.

Mama hakuroweka. Najua, sihitaji kukumbushwa.
Lakini dada yangu Tsiala hunikumbusha kila Oktoba
kupitia kwa mwanawe Zaza, aniletaye gunia,
nusu yangu ya mti ulio nyuma ya nyumba ya kijijini,
mti tuliougawana hadi kivuli
tangu arubaini ya mama.
"Mama anasema eti unaumwaga utamu,"
husema Zaza, akivitazama viatu vyake.
Miaka sita. Namjibu dada kwa chupa ya asali.
Chupa hurudi tupu, imeoshwa, bila neno.

Mwaka huu gesi ilikatwa.
Mafundi walichimba barabara, wakabandika karatasi mlangoni: siku tatu.
Niliisoma nikiwa na beseni zima la jozi zilizolowa,
na jua la Novemba dirishani,
jua la kuchorwa tu, lisilokausha hata leso.
Jozi ukishairoweka, huna budi kuikausha.
Haijui kungoja mafundi:
leo inateleza, kesho inachacha,
keshokutwa imeota manyoya ya kijivu.

Na katika ukoo wetu wote uliobaki
jiko la kuni liko kwa mtu mmoja.

Nilivuka daraja nimelikumbatia beseni.
Koti liliingia maji ya kahawia.
Kijana mmoja aliniuliza kama nauza;
nilimwambia sijui bado.

Tsiala alifungua mlango,
akalitazama beseni kabla ya kunitazama mimi.
"Zitaoza hizo," alisema. Hakusema karibu.
Ila aliisogeza sufuria ya maharagwe pembeni.

Tulizitandaza kwenye trei, moja moja, zisigusane.
Moto mdogo, wa kupasha vidole, si wa kupika;
mlango wa oveni wazi kidogo,
umezuiwa kwa mwiko, ili mvuke upate pa kutokea.
Kila saa tuligeuza. Yeye upande wake, mimi upande wangu.
Saa nane ya usiku nilivunja moja: ilipinda.
Saa kumi, ikapinda tena.
Nje hukauka mapema, nje hukauka kwa ajili ya wageni.
Ndani huchelewa.
Na ndani ya kila jozi mna jozi,
nusu mbili zilizopeana mgongo,
kati yao ukuta mwembamba, mgumu kuliko nyama yenyewe.

Nilisinzia kwenye kiti cha mama.
Sikujua kuwa bado anacho.
Nilipoamka nilikuta shali magotini,
na kulikuwa kunapambazuka,
na Tsiala amesimama mbele ya jiko
ameshika moja kwa ncha za vidole.
Aliibonyeza.
Ta!
Sauti ya kijiti kikavu.

Aliitafuna muda mrefu, macho kwenye dirisha,
kama mtu anayetafuta kosa na amehakikisha lipo.

"Chumvi imezidi," alisema,
akachukua nyingine.